Kiskoti cha Siku Moja

Uma ulimponyoka Effie, ukaangukia sahani. Akauokota, ukamponyoka tena. Mama yake, Ina, alikuwa amewapa mgongo, anakwangua viazi vilivyogandia sufuriani, kwa hiyo hakuona. Aliyeona ni baba. Wat Penman alikuwa ametoka mgodini alasiri ile na ameshaoga, lakini vumbi la makaa lilikuwa limemkaa kwenye kope kama wanja, na kila alichokitazama alionekana kukikodolea.

"Una nini mikononi?"

"Sina kitu."

"Hebu lete."

"Baridi tu, baba."

Wat alinyoosha mkono juu ya meza, akamshika binti yake taratibu, akamgeuza kiganja. Kilikuwa kimevimba na kuiva, na alama ya michubuko ilikuwa imevuka hadi kwenye kifundo, pale mshipa unapoonekana. Akautaka na mkono wa pili. Ulikuwa vilevile.

"Ina," akasema. "Njoo uone."

Hapakuwa na mtu kijijini Balcraig, huko Uskoti, ambaye hakuujua mkanda wa shule. Ilikuwa ngozi nene iliyopasuliwa mwishoni ikawa na ndimi mbili, na mwalimu mkuu aliutundika begani, ndani ya koti, akatembea nao kutwa. Wat aliuonja utotoni, Ina aliuonja, na wazazi wao pia. Mtoto aliyekwenda nyumbani kulalamika kwamba amechapwa aliongezewa kofi, maana iliaminika mwalimu hamchapi mtu bure. Ndiyo sababu Effie, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa amenyamaza.

"Umefanya nini?" Ina aliuliza.

"Nimejibu."

"Umemjibu nani? Umemfanyia mwalimu ujeuri?"

"Si mwalimu. N'limjibu yule mama wa jana. Pale jukwaani."

Ina akaketi, mwiko ungali mkononi. Jana yake wote watatu walikuwepo katika ukumbi wa shule. Kila Januari watoto walishindana kughani mashairi ya Kiskoti, na ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vya mirabaraba, na Bwana Gilfillan, mwalimu mkuu, alitoa hotuba ndefu juu ya lugha ya mababu zetu. Effie alishinda. Mgeni rasmi, Bi. Carstairs wa kamati ya elimu ya wilaya, alimkabidhi kitabu, akamwinamia na kumuuliza kwa Kiingereza chake laini, "Umeghani vizuri mno, binti. Nani amekufundisha?" Effie alikuwa bado amelewa makofi. Akajibu kwa sauti ileile ya jikoni kwao: "Si bibi'angu mie! Na anayo mengine teele, ila hayo, mama, hayasemeki mbele za watu!"

Ukumbi ulilipuka. Wat alicheka hadi akafuta machozi kwa kofia yake. Hata mgeni alicheka, japo kwa kujizuia. Bwana Gilfillan peke yake ndiye aliyebaki ameukaza uso.

"Asubuhi kaniita mbele ya darasa," Effie alisema. "Kasema jana nimepewa ruhusa ya kusema Kiskoti cha shairi. Sikupewa ruhusa ya kusema Kiskoti cha mdomo wangu."

Wat alisukuma kiti nyuma, akasimama.

"Unakwenda wapi?" Ina alimuuliza.

"Kwake nyumbani. Akanieleze vizuri. Maana mie kichwa changu kizito, sijaelewa mtoto anapewa zawadi leo na kesho anachapwa kwa kitu kilekile."

"Keti, Wat."

"Siketi."

"Keti nikwambie! Mtihani wa kwenda sekondari kubwa ni mwezi wa tatu. Anayeandika maoni juu ya kila mtoto ni yeye, si mwingine. Akiandika Effie ni mkorofi, basi, anabaki hapa, na mwaka wa tatu mbele namchukua mkononi nampeleka kiwandani kwangu kusokota kitani. Ndicho unachokitaka?"

"Kwa hiyo tukae kimya."

"Sijasema tukae kimya. Nimesema usiende na hasira. Nenda Jumatatu. Vaa suti. Ongea naye kama mtu."

"Na hivi naongea kama nini?"

Ina akaivuta sahani ya binti yake. Alimkatia Effie nyama na viazi vidogo vidogo, akampa kijiko.

*

Jumatatu Wat aliomba ruhusa mgodini, akavaa suti ya mazishini na kunyoa mara mbili. Shuleni walimwambia asubiri kwenye benchi la ukutani ambalo watoto hukalishwa wakiwa na makosa. Lilikuwa fupi, magoti yalimpanda karibu na kidevu. Kutoka darasa la jirani ilisikika sauti ya watoto wakikariri wafalme wa Uingereza, mmoja baada ya mwingine, kwa wimbo uleule alioukariri yeye. Wafalme wa Uskoti hawakuwa na wimbo. Alivyokumbuka, nchi yao ilijitokeza katika kitabu cha historia pale tu ilipopigwa vita ikashindwa.

Alikuwa ameshapanga maneno. Aliyapanga tangu Ijumaa, akayajaribu mgodini mbele ya Dod, mwenzake wa kuchimba naye, na Dod alimwambia, "Ukimwambia hivyohivyo, bwana, atahama kijiji." Wat ndiye aliyekuwa msemaji wa wachimbaji kila walipokuwa na ugomvi na wakubwa wa mgodi. Aliwahi kumwambia meneja, mbele ya watu, kwamba farasi kipofu angeendesha mgodi vizuri kuliko yeye, na meneja akalimeza tusi lile.

"Ingia, Penman."

Bwana Gilfillan alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na vidole vyeupe kwa chaki. Kiti cha wageni kilikuwa kimejaa vitabu na hakuviondoa. Wat akasimama, kofia mkononi, mbele ya meza, juu ya kipande kilekile cha zulia ambacho vizazi vya watoto vilikichakaza kwa kusimama.

"Nimekuja, bwana, kuhusiana na suala la binti yangu."

Aliisikia sauti yake mwenyewe akashangaa. Ilikuwa nyembamba, na maneno yalitoka ya Kiingereza, yamevaa suti kama yeye. Yale aliyoyapanga yalikuwa ya Kiskoti yote, na mlango ule ulipofunguka yalibaki nje kama mbwa.

"Effie ni hodari kuliko mtoto yeyote niliyemfundisha hapa," Gilfillan alisema. "Unalifahamu hilo?"

"Ndiyo, bwana."

"Mimi pia ni mtoto wa mchimba makaa. Kule Craigmuir. Nilipofika chuo kikuu nilifungua mdomo siku ya kwanza kuuliza swali, na darasa zima likacheka. Hadi mwaka ulipokwisha sikuuliza swali jingine. Ungependa hayo yampate binti yako?"

"Hapana, bwana."

"Nchi yetu ilijenga shule katika kila parokia wakati mataifa makubwa yalikuwa yamewaacha wakulima wao gizani. Hiyo ndiyo fahari yetu, Penman. Kwetu mtoto wa mtu wa chini anaweza kuketi benchi moja na mtoto wa mwenye ardhi. Lakini mlangoni ataulizwa, na itampasa ajibu kwa lugha ya waliomo ndani. Ninamwandaa ajibu."

Wat alikuwa na la kusema. Lilimjaa kinywani: kwamba kama lugha ni uchafu, basi iwe uchafu hata Januari, msiitoe kabatini kumwonyesha mgeni halafu mkamchapa mtoto kwa kuwa nayo. Alianza kuligeuza kwa Kiingereza. Aligeuza neno la kwanza, akatafuta la pili, na kimya kikawa kirefu, na Gilfillan akatazama saa ya ukutani.

"Lakini ile siku ya mashairi, bwana..."

"Ule ni urithi wa taifa. Urithi una siku yake." Mwalimu mkuu alisema hivyo bila kejeli, kama daktari anayeeleza dawa. "Sina kinyongo na Effie. Ameadhibiwa, yamekwisha. Nitamwandikia maoni mazuri, ilimradi nyumbani mnisaidie. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bwana. Ahsante, bwana."

Alifika getini ndipo alipogundua kwamba ameshukuru. Alisimama pale, ameshika chuma cha geti, uso unamchoma. Mwanamke mmoja aliyepita na kikapu akamsalimia kwa Kiskoti, na Wat akamjibu kwa Kiingereza.

*

"Ikawaje?" Ina alimuuliza kabla hajavua koti.

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

"Yote! Nimepiga meza hadi wino ukaruka. Kabaki hana la kusema, ananitumbulia macho tu."

Ina alimtazama kidogo, akarudia kukanda unga wake. Effie, aliyekuwa kwenye ngazi, alishuka mbio akamkumbatia baba yake kiunoni, na mikono ile yenye maumivu akaifunga mgongoni kwake. Wat alimpapasa kichwa huku akitazama ukuta.

Kesho yake mgodini alimwambia Dod hivyohivyo, na Dod akawaambia wengine, na hadithi ikanoga. Kufikia Alhamisi wino ulikuwa umemrukia mwalimu mkuu shati zima.

Siku iliyofuata Effie aliingia nyumbani, akatundika koti lake, akapanguza viatu. Wat alikuwa mezani anakunywa chai.

"Haya, mwanangu! Shule imesemaje?"

"Shule ilikuwa nzuri, baba. Ahsante kwa kuuliza."

Wat akacheka. "Ala! Nani huyu? Bi. Carstairs amerudi?"

Effie hakucheka. Alivuta kiti, akaketi wima, mikono mapajani. "Tafadhali, mama, naomba unipatie mkate."

Kila neno lilikuwa la Kiingereza safi, limekatwa kwa mkasi. Ina aligeuka, uso umemchanua, akamkatia mkate na kumpakia jemu nyingi kuliko desturi. Wat alimtazama binti yake, na binti akamtazama yeye, moja kwa moja, bila chuki wala ufedhuli. Alimtazama kama mtu anayemtazama mtu aliyekwisha kumjua. Ndipo Wat akaelewa kwamba amesikia.

Alimfuata kwenye ngazi. "Kasema nini yule?"

"Bwana Gilfillan alisema," Effie alijibu kwa Kiingereza kilekile, "kwamba hata baba yangu alikwenda kumshukuru. Alisema ni mfano wa mzazi mwenye busara."

"Effie, sikiza..."

"Sijamwambia mama," akasema, akapanda zake.

*

Majuma yakapita, na Effie hakukosea. Alisema Kiingereza cha shule mezani, alikisema dukani, alikisema akiwa na homa. Wenzake wa mtaani walimwita "Malkia" na kumrushia theluji. Akaacha kutoka nje. Alisoma. Ina aliwaambia wanawake wa kiwandani kwamba ukimsikia mtoto yule ukiwa umefumba macho utadhani ni redio.

Wat alijaribu kila hila. Alimtania, akamchokoza, akajifanya haelewi. "Unataka nini? Sukari? Sukari ndiyo dude gani?" Effie aliinuka kimya akaichukua mwenyewe. Mara moja akamfokea kwamba humu si shuleni, na Effie akasema, "Samahani, baba," na ile samahani ikawa mbaya kuliko yote.

Jumapili moja ya mwisho wa Februari, Bibi Leebie, mamaake Wat, alikuja kula kama kawaida yake. Alikuwa mzee wa kuchekacheka, masikio yake yamepungua kidogo, na Effie alikuwa mboni ya jicho lake. Alimletea peremende ndani ya leso.

"Njoo we kidudu, nipe habari. Wavulana wangapi umewapiga juma hili?"

"Hakuna, bibi. Nimekuwa nikijiandaa kwa mtihani. Je, wewe hujambo?"

Bibi alimgeukia Wat. "Anasemaje huyu?"

"Anakuuliza hali, mama."

"Aa." Mzee alimtazama mjukuu wake, akaitazama tena leso ya peremende. Kisha akajiweka sawa kitini, akapangusa pembe za mdomo, na kwa sauti ndogo ambayo Wat hakuwahi kuisikia akaanza kutafuta Kiingereza. "Mimi... ni mzima. Ahsante... sana, binti." Kilitoka kimepinda. Alijua kimepinda. Chakula chote kile hakusema tena, isipokuwa kuomba chumvi kwa kuionyesha kwa kidole. Hata pudingi hakuingoja. Alisema mguu unamsumbua, ataondoka kabla barabara haijaganda.

Mlango ulipofungwa Wat alibaki amesimama ukumbini. Effie alikuwa ameshapanda juu na kitabu chake.

"Sikupiga meza," alimwambia Ina.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Wat, ungepiga meza ya Gilfillan kijiji kizima kingeniletea habari kabla hujafika kona. Nilijua tangu ulipoingia."

"Na hukusema."

"Niseme ili iweje? Mtoto anafanya vizuri. Anaongea vizuri."

"Anaongea vizuri na nani? Nionyeshe mtu humu ndani anayeongea naye. Mama'angu katoka hapa kama mtu aliyekuja kuomba kazi!"

Ina alikunja leso ya peremende iliyoachwa mezani, akaikunjua, akaikunja tena. "Mimi nimesimama kwenye mashine ile tangu nina miaka kumi na minne," akasema. "Kelele zake hata usingizini nazisikia. Akiniacha mie kwa kuwa kajifunza kuongea, na aniache. Lakini asisimame pale." Na machozi yakamtoka, na akakasirika kwa kuwa yamemtoka, akaenda kuosha vyombo kwa kishindo.

*

Kesho yake Wat alitoka zamu ya usiku akayapita mabafu ya mgodini bila kuingia. Dod alimwita, hakugeuka. Alikwenda hivyohivyo, mweusi, buti nzito, taa ya kofia bado kichwani, hadi uwanja wa shule, ambako watoto walikuwa wamepanga mistari kungoja kengele, pumzi zao zikifuka moshi kwa baridi.

"Gilfillan!"

Mistari yote iligeuka. Mwalimu mkuu, aliyekuwa mlangoni, alishuka ngazi polepole.

"Penman. Umekuja bila miadi, na katika hali isiyofaa."

"Hii ndo hali yangu. Ile siku ya suti ndo ilikuwa si hali yangu." Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe sasa, mengi, yanasukumana. "We umewaambia watoto hawa mie n'likuja kukushukuru. Haya, n'lishukuru, kwa woga wangu. Leo n'mekuja kuichukua ahsante yangu. Nirudishie!"

Mtoto mmoja alikohoa. Hakuna aliyecheka.

"Utaondoka mara moja katika eneo la shule."

"Sisikii. N'ambie kwa lugha ya mamaako."

"Penman, nitalazimika kumwita polisi."

"Mamaako wa Craigmuir, Gilfillan! Akikuita ndani ukale, alikwitaje? Alikwambia 'utaondoka mara moja katika eneo'? Au siku hizi ukenda kumwona wampelekea mkalimani?"

Damu ilimpanda Bwana Gilfillan kutoka shingoni. Miwani ikamteleza. "Toka hapa!" akapiga ukelele. "Toka, we mshenzi we, kabla s'jakung'oa hayo meno! Mamaangu humjui, n'takutandika mie mbele ya wanao hawa, haki ya Mungu utalia! Toka!"

Kilikuwa Kiskoti kitupu, cha Craigmuir, chenye ile lafudhi ya kuburura ambayo watu wa Balcraig huicheka. Watoto walitazamana. Kisha msichana fulani wa darasa la kwanza akacheka, akafuata mwingine, na uwanja mzima ukawaka kwa kicheko. Hata mwalimu mmoja kijana aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Haya," Wat alisema. "Na weye atakuchapa nani?"

Mkono wa mwalimu mkuu ulikuwa umeshafika begani, ndani ya koti. Ulibaki hukohuko, haukutoka na kitu. Akageuka, akapanda ngazi, na kengele ikagongwa na mtu mwingine.

Wat aliangaza mistari ikiingia ndani, akimtafuta binti yake. Alimwona. Effie alikuwa mtu pekee aliyeinamisha kichwa.

*

Effie alirudi alasiri akaubamiza mlango hadi vikombe vikalia kabatini.

"Umefurahi?" akauliza. "Umefurahi sasa? Umejionyesha?"

Wat aliinuka kitini. Ina alitoka jikoni na kitambaa cha vyombo.

"Mie n'likwambia uje? Nani kakwita? Siku ile n'livyochapwa ndo ungesema! Mdomo ulikuwa nao, ukamwambia ahsante! Ukaja hapa ukanidanganya, na mie n'kakukumbatia kama mjinga! Leo nshazoea, nshakiweza Kiingereza chao, mtihani ndo huo umefika, ndo unakuja na masizi yako kunivurugia! Wanacheka, weye unadhani wanamcheka yeye tu? Wananicheka mie! Kutwa nzima, 'taa ya babaako iko wapi, Effie, tumulike!' Na yule hata hajanitazama. Kutwa hajanitazama. Akiniandikia vibaya je? Utakwenda kumpigia kelele nani?"

Alilia, kamasi zikimtoka, akajifuta kwa mkono wa sweta, akaendelea. Hakubakisha. Maneno ya kijiji kizima yalimtoka, ya mgodini na ya kiwandani, mengine Wat hakujua kama anayajua. Alikuwa hajaisikia sauti ile tangu Januari. Alitaka kukasirika kwa kutukanwa nyumbani kwake, akataka kumshika na kumwambia endelea, mwanangu, sema tena, na kati ya hayo mawili hakuweza hata moja.

"Kweli," alisema mwishowe. "Unasema kweli."

"Najua n'nasema kweli!" Effie alisema, akapanda juu, na mlango wa chumbani nao ukabamizwa.

Asubuhi yake alishuka, akaketi wima, akasema, "Habari za asubuhi, mama. Habari za asubuhi, baba."

*

Alifaulu. Bwana Gilfillan mwenyewe ndiye aliyelisoma jina lake mbele ya shule, la kwanza kabisa, kwa sauti isiyo na kitu ndani yake. Hakuwa amemwandikia vibaya. Mtu wa kamati alimwambia Ina kwamba alimwandikia vizuri kuliko watoto wote, na Ina alipomletea Wat habari hizo Wat alikaa nazo kutwa, hajui aziweke wapi. Ingekuwa rahisi kama mtu yule angekuwa mbaya hadi mwisho. Mkanda aliendelea kuutembeza begani kama zamani, na Januari iliyofuata watoto walighani tena, chini ya vitambaa vya mirabaraba.

Mwishoni mwa Agosti ya mwaka uleule wa mtihani, asubuhi ya kwanza ya sekondari, Wat na Dod walikuwa wanatoka zamu ya usiku. Basi la kwenda mjini lilikuwa bado halijafika. Effie alisimama kituoni, koti jipya la shule limemzidi mabega, na pembeni yake wasichana wawili wenye koti kama lake, watoto wa daktari na wa mwenye duka la dawa, wakizungumza naye. Alikuwa anacheka. Wat alipunguza mwendo. Angeweza kupita upande wa pili wa barabara, na aliwaza kufanya hivyo, lakini Effie alikuwa ameshamwona.

Wasichana wale nao wakageuka. Effie hakutazama chini.

"Habari za asubuhi, baba."

Salamu ya kwao ilikuwa imeshamjaa Wat mdomoni, ile ya kila siku, ya kumwita kidudu na kumuuliza kama kaamka na akili zake. Aliwaona wale watoto wawili wakingoja kusikia atasema nini. Aliyaona mabega ya koti. Akavua kofia.

"Habari za asubuhi, Effie," akasema kwa Kiingereza, taratibu, akilitua kila neno kama mtu anayebeba mayai. "Nakutakia... siku njema."

"Ahsante, baba."

Hakuna aliyecheka. Basi likaja, wakapanda, na Effie akakaa upande wa dirisha, lakini wa ng'ambo, hivyo Wat hakumwona tena.

Dod alingoja hadi basi lilipokata kona. "Bwana we," akasema, "pale ulikuwa unaongea na nani? Na Malkia?"

Wat alirudisha kofia kichwani, akaivuta chini hadi kwenye nyusi.

"Na mwanangu," akasema. "Twende."